Dalali anasema mafuriko ya 2024 hayatarudi kwa miaka mia. Ninunue hii ploti ya Ruai?

MamaPacha_Umoja (mwanzilishi wa uzi), Jumatatu saa 2 usiku

Jameni wadau, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijafanya upuzi na pesa za mkopo.

Nimelipa kodi Umoja miaka kumi na moja. Sako yetu imenikubalia mkopo, nikaanza kuzunguka, na nimepata ploti Ruai, hamsini kwa mia. Hatimiliki nimeithibitisha ofisi ya ardhi, iko safi. Bei iko chini sana kuliko ploti za ng'ambo ya barabara, na hapo ndipo moyo ulianza kunicheza. Nyuma ya ploti, kama hatua mia hivi, kuna mto. Saa hii ya Februari ni kijito cha kuvuka kwa mawe. Harufu yake sitawadanganya, ni Mto Nairobi ule ule tunaoujua.

Nikamuuliza dalali kuhusu 2024. Akacheka! "Mama, yale yalikuwa mafuriko ya miaka mia. Yashapita. Wewe na wajukuu wako hamyaoni tena." Akaongeza kwamba bei ni ya mwezi huu tu.

Baba pacha anasema tununue. Binti yetu wa gredi ya nane anasema kitabuni mwao wamesoma dunia inazidi joto, kwa hivyo mto utakauka wenyewe. Mimi nimebaki katikati. Nani ana akili kati ya hawa watatu?

KakaBoda_Kayole, saa 2 na dakika 9

Bei ni ya mwezi huu tu kwa sababu mwezi wa nne mvua inaanza kusema ukweli. Ploti za upande ule zinauzwa Januari na Februari. Aprili hata dalali mwenyewe hapokei simu.

Mwekezaji001, saa 2 na dakika 31

Watu wa hapa woga tu. Syokimau pia walicheka, leo wanalia hawakununua. 2024 maji yalijaa hadi barabara kuu, je tuhame Nairobi yote? Mama, nunua, inua msingi futi tatu, maisha yaendelee.

Kipimamvua, saa 3 usiku

Mama Pacha, shikamoo za jioni kwa baba pacha. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya mvua mpaka nikastaafu, kwa hivyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza hiyo "miaka mia". Neno hili limewaponza wengi kuliko mvua yenyewe. Si kwamba mafuriko yakija leo yanaenda likizo miaka 99. Maana yake ni kuwa kila mwaka, mwaka wowote, yana nafasi 1 kati ya 100. Chukua mfuko wenye shanga 100, moja tu nyekundu. Kila mwaka tia mkono bila kuangalia, toa moja, uirudishe. Ukitoa nyekundu mwaka huu, mwakani bado imo humo humo.

Sasa nyumba ya mawe hujengi ukae miaka miwili. Weka 30. Kwa miaka 30 nafasi ya kukutana na ile nyekundu angalau mara moja ni karibu 26 kwa 100. Robo, mama. Muulize dalali kama anaweza kupanda matatu ambayo moja kati ya kila nne hupinduka.

Na hapo nimemheshimu kwa kukubali kwamba ni ya miaka mia. Nani alimhesabia? 1961 nilikuwa mtoto, mvua ile wazee waliiita ya Uhuru, Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Ikaja El Niño ya 1997. Ikaja 2019. Mwisho wa 2023 ikaja tena, na kabla udongo haujakauka masika ya 2024 yakatua juu yake. Hiyo miaka mia ni mifupi kweli.

Mwekezaji001, saa 3 na dakika 12

Mzee hizo ni za nchi nzima. Yeye ananunua ploti moja Ruai.

Kipimamvua, saa 3 na dakika 25

Sawa, tuje Ruai. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Ukipita mjini unapokea Mto Mathare, unapokea Mto Ngong unaopitia pande za Mukuru, kisha wote pamoja wanaelekea mashariki kuukuta Athi, na mwisho wake Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Ruai iko wapi kwenye safari hiyo? Iko mkiani. Kila paa la mabati, kila lami, kila ua uliomwagwa saruji kutoka Kawangware mpaka Dandora unamwaga maji yake kwa jirani wa mama. Inaweza kunyesha Kikuyu usiku, Ruai nyota zikiwaka, na alfajiri maji yakabisha hodi.

Shosho_wa_Mathare, saa 4 kasoro

Hayabishi hodi mwanangu. Usiku ule wa Aprili kilichobisha hodi ni mtungi wa gesi. Nilisikia mtu anagonga mlango kutoka ndani, ko ko ko, nikadhani ni ndoto. Nikashusha mguu kitandani, maji yakanifika gotini. Mtungi ulikuwa unaelea unagonga mlango kama mgeni anayetaka kutoka. Wajukuu niliwapandisha juu ya kabati la vyombo. Jirani upande wa chini hakuwa na kabati.

Baadaye wakaja na matingatinga kubomoa zile za karibu na mto, ikiwemo yangu. Sasa nakaa juu kidogo, mwendo wa dakika tano, na kodi imekaribia kuwa mara mbili. Anayesema watu wa mtoni ni wajinga aje aniambie mimi ningelala wapi. Lakini wewe Mama Pacha una nafasi ya kuchagua. Mimi sikuwa nayo.

MamaPacha_Umoja, saa 4 na dakika 5

Pole sana shosho. Mungu azidi kukutunza na wajukuu. Nimesoma hii nikamwita baba pacha asome pia. Amenyamaza.

MtuWaHaki, saa 4 na dakika 20

Samahani, mnamlaumu dalali na mama, ilhali mchafuzi amekaa Ulaya na Marekani. Kenya hatufiki hata asilimia 0.1 ya kaboni dioksidi inayotolewa duniani kwa kuchoma mafuta na makaa. Stima yetu karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tumefanya nini sisi? Septemba 2023 marais walijaa KICC kwa mkutano wa tabianchi wa Afrika, tukapigwa picha. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi maskini zilizoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022. Shosho, umeona hata shilingi?

Shosho_wa_Mathare, saa 4 na dakika 22

Nimeona blanketi. Lilikuwa zuri.

Mwekezaji001, saa 4 na dakika 40

Haya basi nimeenda kusoma, msiseme sisomi. Wanasayansi walichunguza mvua ya masika ya 2024 Afrika Mashariki, wakakuta mabadiliko ya tabianchi yaliiongezea nguvu kwa kama asilimia 5. TANO! Sasa kelele zote hizi za dunia kuisha ni za nini? Mzee Kipimamvua umejimaliza.

MwalimuJografia, Jumanne saa 11 alfajiri

Nimeamka mapema kusahihisha karatasi nikajikuta hapa. Mwekezaji, umesoma vizuri, nakupa alama. Lakini umeishia ukurasa wa kwanza. Watu hao hao walisema kilichozidisha maafa ni namna miji yetu inavyokua: nyumba za wanyonge kingoni mwa mto na mifereji iliyoziba. Asilimia tano ni kijiko. Ila ndoo tulikuwa tumeshaijaza wenyewe mpaka mdomoni, na ndoo iliyojaa hivyo kijiko kinatosha kukulowesha miguu.

Kisha linganisha na ukame. Kati ya 2020 na 2023 pembe hii ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Wachunguzi walisema ukame wa aina ile umekuwa na uwezekano angalau mara 100 zaidi kwa sababu ya joto tuliloongeza duniani. Kwa nini mara 100 huku na asilimia 5 kule? Kwanza si kipimo kimoja: kwa ukame ni mara ngapi jambo linatokea, kwa masika ni ukubwa wa mvua. Pili, joto hukausha udongo hata mvua isipopungua. Jua linakunywa kabla ya mahindi.

Ndiyo maana binti ya Mama Pacha yuko nusu sahihi. Joto linaleta ukame, kweli. Lakini kila nyuzi moja ikipanda, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Ni kama umebadilisha tangi la juu ya nyumba ukaweka kubwa. Linachukua muda mrefu kujaa, mnakaa mkilia kiu. Siku linapopasuka, mafuriko ni ya tangi kubwa.

Bustani_Lavington, saa 1 asubuhi

Suluhisho ni miti wapendwa. Kila mtu apande kumi. Serikali ilishasema bilioni 15 kufikia 2032. Mama panda mikaratusi kando ya mto itanyonya hayo maji yote.

MwalimuJografia, saa 1 na dakika 10

Miti ndiyo, mikaratusi kando ya mto hapana! Inanyonya Februari wakati mto unahitaji maji, na Aprili haizuii kitu. Mahali miti imesaidia jiji hili ni pale ilipoachwa ikiwa msitu. Wangari Maathai na wenzake walipigwa 1999 wakiitetea Karura isigawanywe ploti. Leo zaidi ya hekta 1,000 pale zinakunywa mvua badala ya kuimwagia Ruai. Hebu fikiria zingekuwa paa na lami.

(Nilikuwa mwanafunzi mwaka ule. Tuliambiwa ni mama mkorofi anayependa kelele. 2004 akapata Nobeli, ghafla kila mtu alikuwa rafiki yake.)

Fundi_Msingi, saa 4 asubuhi

Niko saiti, naandika haraka. Mama, mambo ya futi tatu yaache kidogo. Ruai sehemu kubwa ni udongo mweusi, ule unapasuka kiangazi mpaka simu inaingia, mvua ikinyesha unavimba. Lazima uchimbwe na kutolewa mpaka ufike kwenye mwamba au murram imara, kisha ujaze. Hiyo pekee inakula ile bei nafuu uliyoona. Ukiinua nyumba, choo je? Mto ukijaa, shimo la maji taka linarudisha kila kitu ndani. Nimeona. Sitaki kueleza zaidi, watu wanakunywa chai.

Lingine. Kingo za mto kisheria ni kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Lakini sikiliza vizuri hapa: zinapimwa kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Hazipimwi kutoka kijito cha Februari. Hatua zako mia ulizihesabu kutoka wapi?

Na usitegemee hati peke yake. 2018 jengo zima la maduka lilibomolewa kando ya Barabara ya Lang'ata kwa sababu ya mto. Wenyewe walisema vibali vyote wanavyo.

MamaPacha_Umoja, saa 4 na dakika 18

Nilihesabu kutoka kijitoni 😔

MamaPacha_Umoja, saa 11 jioni

Habari, mimi ni binti yake, nimetoka shule na mama amenipa simu niwaulize. Nina miaka 13. Kama nyumba ni ya miaka 30 nitakuwa na 43. Mwalimu wetu alisema ikifika hapo itakuwa tumechelewa na dunia itakuwa imekwisha. Ni kweli? Maana kama ni kweli sioni kwa nini mama achukue mkopo.

Kaka Boda akisema uongo nitajua.

KakaBoda_Kayole, saa 11 na dakika 20

😂😂 Mimi sina jibu, mjukuu wa watu. Nangoja mzee.

Kipimamvua, saa 1 usiku

Binti, umeuliza swali zuri kuliko sisi wote, nimekaa nalo tangu jioni.

Dunia haitakwisha ukiwa na 43. Anayekuambia hivyo amechoka, msamehe. Nakueleza ninachojua.

Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, karibu 280 zilikuwa kaboni dioksidi. Leo zimepita 420. Hii si hadithi ya wazungu peke yao. Juu ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600, idara yetu ya hali ya hewa ina kituo kinachochunguza hewa hiyo. Ukipanda kutoka pale utaona barafu ya Lewis, au iliyobaki. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mimi niliiona nikiwa kijana ikimetameta. Nilipoiona mara ya mwisho ilikuwa kama shuka lililosahauliwa mwambani. Wewe huenda usiikute kabisa, na hilo nasema kwa huzuni. Barafu hiyo siwezi kukuahidi.

2024 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko yote yaliyopimwa, karibu nyuzi 1.55 juu ya enzi za kabla ya viwanda. Ule mpaka wa nyuzi 1.5 ambao nchi zilikubaliana Paris hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, si mwaka mmoja, kwa hivyo haujavukwa rasmi, ila tumeshaukanyaga kwa kidole.

Sasa sikiliza hili, maana halitangazwi sana. Siku dunia itakapoacha kuongeza kaboni, hesabu zinaonyesha joto litaacha kupanda karibu wakati huo huo. Halitarudi chini haraka, na bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi. Lakini halitaendelea kupanda lenyewe kama gari lisilo na breki. Kwa hivyo ukiwa na 43 utakuta kile watu waliochagua kuchoma au kutochoma walichokuacha nacho. Kati ya nyuzi 2 na nyuzi 3 kuna tofauti kubwa ya maisha, na bado haijaamuliwa.

Kuhusu mvua zetu, nitakuwa mkweli. Mifano ya kompyuta kwa miaka mingi imetabiri masika ya Afrika Mashariki yataongezeka. Sisi tuliokuwa tunamwaga maji ya kipimo kila saa tatu asubuhi tuliona yakipungua kwa miongo. Wataalamu wanakiita kitendawili, na bado wanakitegua. Ya vuli ndiyo inaelekea kuongezeka, hasa mwaka ambao magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, ina joto kuliko upande wa Indonesia. Jambo hilo lilipewa jina 1999 tu. Fikiria, 1961 tulinyeshewa nalo na hakuna aliyelijua jina.

Mama achukue mkopo. Ila asiufukie mtoni.

MtuWaHaki, saa 1 na dakika 40

Mzee umesema vizuri lakini bado nasisitiza waliochoma walipe.

Kipimamvua, saa 1 na dakika 44

Walipe. Nakuunga mkono mia kwa mia. Ila kesi yao ikisikizwa mama awe amelala pakavu.

Fundi_Msingi, saa 2 usiku

Mama Pacha Jumamosi niko Barabara ya Kangundo. Nikupitie tuiangalie hiyo ploti? Nauli yako tu.

MamaPacha_Umoja, Jumamosi saa 10 jioni

Nimerudi. Kaeni chini.

Tulienda mimi, baba pacha, Fundi, na kijana wa boda tuliyempata stendi ya huko. Fundi alituambia tusimwulize dalali chochote, tumwulize boda mvua ikinyesha yeye hupitia wapi. Kijana akaonyesha barabara ya juu kabisa, mbali. "Hii ya huku?" Akacheka kile kicheko cha dalali, ila chake kilikuwa cha kweli. "Huku mwezi wa tano tunavusha watu kwa mgongo, mia moja kila mtu."

Basi tukaingia kwenye ploti. Kona ya nyuma kuna matete, yale mabua marefu. Mara ya kwanza niliyaona nikasema ni mandhari. Fundi akayagusa akaniangalia tu.

Katikati ya ploti kuna mgunga. Nilikuwa nimeshapanga kuuacha, pacha wacheze chini yake. Fundi akaniambia, mama inua macho. Juu ya kichwa changu, juu ya mkono wa baba pacha aliyenyoosha, matawi yamejaa mifuko ya plastiki. Baadhi ni ile ya rangi rangi ya dukani iliyopigwa marufuku 2017. Matambara, nyasi kavu, kiatu kimoja cha mtoto.

Dalali alikuwa ameshafika, akasema ni upepo.

Fundi akazunguka mti. Uchafu wote umelalia upande mmoja, upande mto unakotoka. Umejisokota kwenye matawi kama mtu aliusuka. Akamwuliza dalali upepo gani huo unaosuka. Dalali akapokea simu ambayo hatukuisikia ikilia.

Baba pacha alisimama chini ya kile kiatu muda mrefu. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka Njiru, kisha akasema tutafute upande wa juu hata kama ni robo tu ya ukubwa.

Pesa kidogo niliyoweka ya kushikilia ploti dalali anasema hairudi. Lakini jioni hii amenipigia, ameteremsha bei laki moja na nusu. Nimemwambia asante.

Shosho_wa_Mathare, saa 10 na dakika 30

Kiatu hicho mliteremsha?

MamaPacha_Umoja, saa 10 na dakika 41

Hatukukifikia, shosho.

Mgeni_4417, saa 12 jioni

Hamjambo wote, mimi ni mgeni hapa, nimesoma uzi wote. Hiyo ploti iliyoteremshwa laki moja na nusu bado ipo? Naomba namba ya dalali.